Kaisari wa Kwanza wa Uchina

Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, nchi ya Uchina haikuwa na mtawala mmoja. Palikuwa na falme kubwa saba, nazo zilipigana vita mwaka baada ya mwaka. Ili mapatano yashikwe, mfalme aliweza kumpeleka mmoja wa jamaa yake akae katika mji wa mwenziwe kama rehani. Vita ikitokea, mtu huyo alikuwa hatarini kuuawa. Hivyo ndivyo alivyokaa baba yake Zheng katika Handan, mji mkuu wa Zhao, na huko ndiko Zheng alikozaliwa mwaka 259 K.K., katikati ya adui za ukoo wake.

Baadaye baba yake alirudi kwao Qin, ufalme wa magharibi, akatawala muda mfupi, akafa. Zheng akawekwa kitini mwaka 246 K.K., naye ana umri wa miaka 13 tu. Nchi ikashikwa na waziri Lü Buwei, aliyekuwa zamani mfanya biashara tajiri, hata mfalme alipokuwa mtu mzima akamwondoa, akaanza kumsikiliza mgeni mmoja hodari, jina lake Li Si.

Mwaka 227 K.K. mjumbe aitwaye Jing Ke alifika kutoka ufalme wa Yan, akileta ramani ya nchi ambayo Yan ilijidai kumpa mfalme. Ramani ilikuwa imeviringishwa, na ndani yake lilifichwa jambia lenye sumu. Ilipofunguliwa hata mwisho, Jing Ke akalitwaa jambia, akamkamata mfalme kwa mkono wa vazi lake. Vazi likapasuka, mfalme akakimbia akizunguka nguzo. Wakuu walikuwapo wengi, walakini sheria ya Qin ilikataza mtu ye yote kuingia na silaha mbele ya mfalme. Na askari wenye silaha walisimama nje, chini ya ngazi, wala hawakuwa na ruhusa ya kupanda asipowaita mfalme mwenyewe. Naye kwa haraka hakupata nafasi ya kuwaita. Aliyemsaidia ni tabibu, aliyemtupia Jing Ke mfuko wa dawa. Mfalme akapata kuufuta upanga wake alani, akajiokoa.

Tangu mwaka 230 mpaka 221 K.K. majeshi ya Qin yakazishinda falme zote sita. Jina la mfalme likawa dogo kwake. Akajitwalia cheo kipya cha Huangdi, yaani Kaisari, na watu wa baadaye wakamwita Qin Shi Huang, Kaisari wa Kwanza.

Ndipo likazuka swali: nchi kubwa namna hii itatunzwaje? Mawaziri walimshauri awape wanawe nchi za mbali wazitawale, kama ilivyokuwa desturi ya kale. Li Si akapinga, akakumbusha ya kuwa wafalme wa zamani waliwagawia jamaa zao nchi, na baada ya vizazi vichache jamaa hao wakapigana kama adui. Kaisari akakubali neno la Li Si. Akaigawanya nchi yote katika majimbo 36, na kila jimbo akaliwekea watu watatu: liwali wa mambo ya raia, mkuu wa askari, na mkaguzi wa kuwaangalia. Hawa hawakurithi kazi zao, wala hawakuweza kuwaachia watoto wao. Aliyewaweka ndiye aliyeweza kuwaondoa.

Hapo kwanza, mfanya biashara aliyevuka mpaka alikuta mizani nyingine, vipimo vingine vya nafaka, fedha nyingine, na hata mwandiko wa namna nyingine. Sasa vyote vikawa vya namna moja, hata upana kati ya magurudumu ya magari, ili yapite vema katika njia. Mwandiko ndio uliofaa kupita yote, maana watu wasioelewana kwa kusema waliweza kuelewana kwa kuandika.

Mambo yote yalimwendea yeye. Barua za serikali siku zile ziliandikwa juu ya vipande vya mianzi na mbao, nayo masimulizi ya kale yasema ya kuwa Kaisari alipimiwa kwa mizani mzigo wa barua za kila siku, wala hakupumzika asipoumaliza.

Lakini raia waliumia. Watu kwa malaki walichukuliwa kujenga njia, na ukuta wa kaskazini, na majumba, na kaburi lake. Mwaka 213 K.K., kwa shauri la Li Si, vitabu vingi vya kale vilichomwa moto, watu wasije wakaisuta serikali kwa mambo ya zamani. Wenye elimu walipoadhibiwa, mwanawe mkubwa, Fusu, alithubutu kumwonya baba yake. Kaisari akakasirika, akampeleka kukaa kwa jemadari Meng Tian katika mpaka wa kaskazini.

Mwaka 210 K.K. Kaisari aliugua akiwa safarini. Akaamuru Fusu aandikiwe barua aje kumzika, lakini akafa kabla haijapelekwa. Zhao Gao, mtunza mihuri, alimwogopa Fusu, akamvuta Li Si katika shauri lake. Wakaificha habari ya kifo. Ilikuwa wakati wa joto, nao wakapakia samaki wanaonuka katika magari ili kuifunika harufu ya maiti. Kisha wakatunga barua nyingine ya kumwamuru Fusu ajiue, wakaipiga muhuri wa Kaisari.

Meng Tian alimsihi Fusu aulize kwanza kama amri ni ya kweli. Fusu aliona si halali mwana kuihoji amri ya baba yake, akajiua.

Ndugu yake Huhai akatawala vibaya. Mwaka 209 K.K. watu waliokuwa wakipelekwa mpakani walicheleweshwa na mvua. Na kwa kuwa waliamini adhabu ya kuchelewa ni kifo, wakaasi, na maasi yakaenea. Li Si akauawa mwaka 208 K.K. kwa hila za Zhao Gao, na mwaka 206 K.K. dola ya Qin ilikuwa imekwisha.

Liu Bang, aliyekuwa mtumishi mdogo wa serikali ile, akashinda na kujitwalia cheo cha Huangdi. Majimbo mengine akayaacha mikononi mwa maliwali, lakini nchi nyingine akawapa jamaa zake. Mwaka 154 K.K. saba katika watawala wa ukoo huo wakaasi. Walipokwisha kushindwa, nguvu za jamaa za Kaisari zikapunguzwa, na kazi ikazidi kuwekwa mikononi mwa maliwali.