John Constable: mtoto wa mwenye kinu aliyechora picha kubwa mara mbili

Tunapotaja wachoraji wa mandhari, jina la John Constable halikosi. Wengi tumeona picha yake kwenye kalenda: mkokoteni katikati ya maji, farasi wakiuvuta, nyumba kando ya mto. Inaitwa The Hay Wain. Leo tunaangalia kazi iliyofanyika kabla picha hiyo haijawa picha.

Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, Uingereza. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka huko Flatford, kando ya Mto Stour. John aliukimbia unga akafuata rangi, na mwaka 1799 akajiunga na shule ya Royal Academy jijini London. Alimpenda Maria Bicknell, lakini babu wa binti huyo alimkataa, maana mchoraji asiyeuza angelisha familia kwa nini? Walisubiri hadi 1816 ndipo wakaoana.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini alihitaji picha kubwa. Kwenye ukuta wa maonyesho uliojaa picha hadi darini, picha ndogo humezwa. Akaanza kuchora turubai za upana wa karibu mita mbili.

Tatizo ni kwamba mto ulikuwa Suffolk naye alikuwa London. Alichokuwa nacho ni madaftari na michoro midogo ya rangi za mafuta aliyoifanya nje miaka ya nyuma, karatasi ikiwa imebanwa kwenye kifuniko cha sanduku la rangi. Wachoraji wengi wangetoka hapo moja kwa moja hadi picha kamili. Yeye aliongeza hatua ya katikati: alichora rasimu nzima kwa ukubwa uleule wa picha ya mwisho, kwa mapigo mapana ya haraka, ili aone mwanga na giza vinakaaje. Kisha alichukua turubai nyingine akaanza upya. Gharama mara mbili, tena kwa mtu mwenye familia inayokua!

Kwa The Hay Wain, mwanzoni mwa 1821, aligundua hana mchoro mzuri wa mkokoteni. Ndugu yake Abram akamsaidia kupata michoro kutoka kwa kijana wa kijijini, John Dunthorne. Kwenye rasimu kulikuwa na mtu juu ya farasi ukingoni mwa mto. Constable alimhamishia kwenye picha ya mwisho, akambadilisha kuwa pipa, kisha akalifuta na pipa lenyewe.

Picha haikuuzwa London mwaka huo. Mfanyabiashara John Arrowsmith aliipeleka Paris mwaka 1824, nayo ikapata medali ya dhahabu. Constable hakwenda kuipokea. Hakuwahi kutoka nje ya Uingereza.

Maria alifariki kwa kifua kikuu Novemba 1828, akiacha watoto saba. Miezi michache baadaye Royal Academy ikamchagua mumewe kuwa mwanachama kamili, akiwa na miaka 52. Turner, aliyemzidi mwaka mmoja tu, aliipata heshima hiyo akiwa na miaka 26. Kwetu, hiyo ilikuja imechelewa.

Constable alifariki mwaka 1837. Rasimu zake kubwa hakuzipeleka kwenye maonyesho. Kwake zilikuwa vifaa vya kazi. Leo rasimu ya The Hay Wain imetundikwa katika jumba la Victoria and Albert, na picha yenyewe iko National Gallery, zote London, na wapo wanaoipenda zaidi ile rasimu.