Stradivari na Nyufa za Vanishi

Wapenzi wa taarabu waijua fidla kwa sauti yake. Ni wachache wanaojishughulisha na ngozi yake, yaani ile vanishi. Leo nawasimulia wasomaji habari za fundi aliyeitunza ngozi hiyo kwa subira, Antonio Stradivari wa mji wa Cremona, kaskazini mwa Italia.

Alizaliwa yapata mwaka 1644. Fidla yake ya kwanza ijulikanayo yenye karatasi ya jina lake ni ya 1666. Mwaka 1680 alihamia nyumba iliyoelekeana na kanisa la San Domenico, na humo alifanya kazi hadi alipofariki tarehe 18 Disemba, 1737, mzee wa miaka tisini na zaidi. Alioa mara mbili, mke wa pili baada ya kufiwa na wa kwanza, akazaa watoto kumi na mmoja. Wanawe wawili, Francesco na Omobono, walifanya kazi pamoja naye. Vyombo alivyotengeneza hukisiwa kupita elfu moja, na vilivyosalia ni kama 650.

Katika barua zake chache zilizobaki imo moja ya tarehe 12 Agosti, 1708, ambayo mimi naithamini kuliko sifa zote alizomiminiwa baadaye. Mteja alikuwa amengoja fidla yake iliyopelekwa kutengenezwa. Stradivari amwomba radhi kwa kuchelewa: nyufa kubwa zilihitaji kupakwa vanishi vyema, ili jua lisije likazifungua tena. Kisha aomba ujira wa sarafu moja ya fedha, huku akidokeza kwamba kazi yastahili zaidi. Tazama basi! Fundi huyu alikuwa katika miaka yake bora kabisa, wakubwa wakimwagizia vyombo, naye akaona haya kumrudishia mtu ufa usiokauka.

Vanishi ya mafuta haina haraka. Hukauka kwa hewa na mwanga, tabaka baada ya tabaka. Watu walizua hadithi nyingi juu ya siri yake, mpaka mwaka 2009 wataalamu wa Paris wakiongozwa na Jean-Philippe Échard walipotangaza matokeo ya kuchunguza vyombo vyake vitano. Walikuta mafuta ya kawaida ya wachoraji yaliyoingia kidogo katika mti, na juu yake mafuta yaliyochanganywa na utomvu wa jamii ya msonobari, vingine vikitiwa rangi nyekundu. Sisi watu wa pwani, ambao sandarusi yetu ilisafirishwa karne ya 19 hadi Salem kule Marekani kutengenezewa vanishi, hatuna fungu humo.

Baada ya kufa kwake, fidla zake zilifunguliwa zikabadilishwa shingo, zikawekewa ndefu zaidi. Hilo lavumilika. Msiba ni wa ngozi. Jasho na mkono wa mpigaji huila vanishi polepole, na mafundi wengi wa zamani waliona dawa ni kuikwangua yote na kupaka mpya, au kuifunika kwa king'aro. Iliyokwanguliwa hairudi. Mimi nimewahi kuona udi mkongwe ukipigwa msasa na fundi wa makabati, ukametameta kama kabati, na mwenyewe akashukuru! Nilinyamaza kwa adabu tu.

Fundi mwangalifu wa leo husafisha kwanza, kwa uchache. Hukitazama chombo chini ya taa ya urujuanimno, ambayo hutofautisha vanishi ya zamani na ya juzi. Kisha hujaza pale palipo uchi peke yake, kwa brashi nyembamba na vanishi laini inayoweza kuondolewa siku za mbele, akiongeza rangi kidogo kidogo mpaka ilingane na jirani yake. Ya Stradivari mwenyewe haiguswi.

Kipimo chao ni fidla moja ya 1716 iliyobaki katika karakana yake hata alipokufa. Mwanawe Paolo, mfanyabiashara wa nguo, aliiuza. Ikapita kwa Cozio, kisha Tarisio, aliyejisifu nayo miaka mingi bila kuionyesha, hata ikaitwa Messiah, yaani Masihi anayengojwa. Vuillaume wa Paris aliinunua mwaka 1855. Sasa imo katika jumba la Ashmolean, Oxford. Imepigwa mara chache mno, na vanishi yake karibu yote ingali pale alipoipaka.