Ajayi Crowther: Mtumwa aliyesomea ukasisi hadi akawa askofu

JINA la Samuel Ajayi Crowther halikosekani katika historia ya Kanisa la Anglikana barani Afrika. Wengi humkumbuka kama Mwafrika wa kwanza kutawazwa askofu katika kanisa hilo. Wachache wanafahamu jinsi elimu ya dini ilivyomwinua, na jinsi elimu hiyo hiyo ilivyodharauliwa alipozeeka.

Ajayi alizaliwa takriban mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mnamo 1821, wavamizi waliuteketeza mji huo na kuwateka wakazi wake. Kijana huyo alitenganishwa na mamake, akauzwa mara kadhaa. Wakati mmoja alibadilishwa na farasi.

Hatimaye aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara Wareno mjini Lagos, wakampakia melini pamoja na mateka wengine. Hata hivyo, mnamo Aprili 1822 manowari ya Uingereza iliyokuwa ikiwasaka wauzaji watumwa iliinasa meli hiyo. Waliookolewa hawakurudishwa makwao, bali walipelekwa Freetown, Sierra Leone.

Huko ndiko Ajayi alikoanza kusoma. Alibatizwa Desemba 1825 na kupewa jina la Samuel Crowther, kasisi mmoja wa London. Alipelekwa Uingereza kwa muda mfupi, akarejea mwaka 1827, wakati ambapo shirika la wamishonari wa Kianglikana, CMS, lilikuwa likifungua chuo cha Fourah Bay.

Chuo hicho kilianzishwa kwa sababu iliyo wazi. Wamishonari kutoka Ulaya walikuwa wakifariki kwa wingi kutokana na homa, hivyo ilibidi Waafrika wenyewe waandaliwe kuwa walimu na wahubiri. Crowther alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Baadaye alifundisha papo hapo, na mnamo 1876 chuo hicho kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza.

Alimwoa Asano, aliyebatizwa kwa jina la Susan, ambaye naye alikuwa ameokolewa kutoka utumwani.

Mnamo 1841 Crowther aliteuliwa kuandamana na msafara wa Waingereza katika Mto Niger. Homa iliwaua makumi ya Wazungu, na wenye busara katika CMS wakatambua kwamba kazi ya kanisa katika bara hilo haingewezekana bila makasisi Waafrika. Crowther aliitwa London kusomea theolojia katika chuo cha CMS kilichokuwa Islington, na mwaka 1843 Askofu wa London akampa daraja la ushemasi, kisha la ukasisi.

Kasisi huyo mpya alirejea kwa watu wake, na mnamo 1846 alifika Abeokuta. Katika mji huo alikutana tena na mamake, Afala, baada ya miaka 25 ya kutojua kama bado yu hai. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa, akaitwa Hannah.

Wakati huo Crowther alikuwa amekwisha kuandika msamiati na sarufi ya Kiyoruba. Sasa aligeukia tafsiri ya Biblia. Hakuridhika na maneno ya vitabuni. Alisikiliza namna wazee walivyosema na jinsi methali zilivyotumika, ili Maandiko yasomeke kama lugha ya nyumbani. Biblia nzima ya Kiyoruba ilikamilika mwaka 1884.

Katibu wa CMS, Henry Venn, aliamini kwamba makanisa ya Afrika yanapaswa kujitegemea, kujiongoza na kujieneza yenyewe. Kwake, Crowther alikuwa ushahidi wa imani hiyo. Crowther mwenyewe hakuutaka uaskofu, ila Venn alimsihi hadi akakubali. Juni 29, 1864, alitawazwa katika Kanisa Kuu la Canterbury, na Chuo Kikuu cha Oxford kikamtunuku shahada ya udaktari wa theolojia.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na mipaka. Maeneo ya Abeokuta na Lagos hayakuwekwa chini yake, kwani baadhi ya wamishonari Wazungu, akiwemo Henry Townsend aliyefanya kazi naye zamani, walipinga kuongozwa na Mwafrika. Alibaki na eneo kubwa la Niger, lenye lugha nyingi asizozijua.

Alitegemea wasaidizi kutoka Sierra Leone, wengi wao wakiwa na masomo haba, na mara nyingi alisafiri kwa meli za wafanyabiashara. Baadhi ya wasaidizi hao walishutumiwa kwa ulevi, uzinzi na uchuuzi, naye askofu alilaumiwa kwa upole uliopita kiasi. Dosari hizo zilikuwepo. Hata hivyo, zilihitaji mafunzo na usimamizi bora, si kudunishwa kwa Waafrika wote.

Venn alifariki mwaka 1873, na mawazo yake yakaanza kusahaulika. Ukoloni ulipopamba moto, CMS iliwatuma Niger vijana waliotoka vyuo vikuu vya Uingereza. Katika mkutano wa Onitsha mnamo Agosti 1890, vijana hao waliwasimamisha kazi makasisi kadhaa Waafrika mbele ya askofu aliyekuwa na umri wa miaka 80 hivi. Crowther alijiuzulu kutoka kwa kamati hiyo. Alifariki Lagos, Desemba 31, 1891, na nafasi yake ikapewa Mzungu. Mwaka uliofuata, makanisa ya Delta ya Niger yakiongozwa na mwanawe, Dandeson, yalijitenga na usimamizi wa CMS bila kuuacha Uanglikana.

Pwani ya Kenya pia ilishuhudia watumwa waliokombolewa wakipata elimu ya dini. Mnamo 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, waliokuwa wamesomeshwa India. Lakini ilichukua hadi mwaka 1955 kwa Wakenya wa kwanza, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, kutawazwa maaskofu wa Kianglikana. Hiyo ilikuwa miaka 91 baada ya Crowther.

Mnamo Juni 2014, katika ibada ya kuadhimisha miaka 150 ya kutawazwa kwake, Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikiri kwamba kanisa lilimkosea Crowther na akaomba radhi. Ibada hiyo ilifanyika katika kanisa lile lile alimotawazwa.