Harold Vanderbilt, aliyeipa karata hesabu ya ahadi

Anayeanza kujifunza mchezo wa karata wa briji, awe Nyarutarama jijini Kigali au New York, hutatizwa kwanza na hesabu ya pointi. Hesabu hiyo ina asili yake. Aliyeipanga ni Harold Stirling Vanderbilt, Mmarekani aliyezaliwa Julai 6, 1884, katika ukoo uliotajirika kwa meli na reli.

Vanderbilt alisomea sheria Harvard, kisha akawa nahodha mahiri wa mashua za tanga. Alilitetea Kombe la Amerika mara tatu, mwaka 1930, 1934 na 1937, na mara zote alishinda.

Katika briji ya zamani, wachezaji wanne, wawili kwa wawili, walishindania mizunguko 13 baada ya kunadi idadi watakayoshinda. Aliyeahidi kidogo akapata kingi alihesabiwa vyote, hivyo mwoga alilipwa sawa na jasiri. Wafaransa walikwisha kuliona hilo, na katika mchezo wao wa plafond walihesabu kilichoahidiwa tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1925, akisafiri kwa meli ya Finland kupitia Mfereji wa Panama, Vanderbilt aliichukua kanuni hiyo, akaiongezea zawadi na adhabu, kisha akaijaribu na wenzake watatu.

Kwa hesabu inayotumika leo, mizunguko sita ya kwanza haina pointi. Kila mzunguko unaozidi hapo huleta 20 kwa pau au uru, na 30 kwa kopa au shupaza. Bila turufu, wa kwanza huleta 40 na inayofuata 30. Pointi 100 hukamilisha duru. Aliyenadi shupaza nne akashinda mizunguko 10 hupata 120, na duru ni yake. Aliyenadi mbili akashinda 10 hiyo hiyo husogea kwa 60 tu. Ziada huandikwa kando. Anayeshindwa kutimiza ahadi hutozwa, na upande uliokwisha kushinda duru hutozwa zaidi.

Kanuni hizo zilienea duniani katika miaka michache. Mwaka 1928 alitoa kombe lenye jina lake, ambalo hadi leo hushindaniwa Marekani. Alifariki Julai 4, 1970, akiwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka 86.