Arusi Iliyoanza kwa Machozi

Tukitoka arusini hatukosi mtu wa kutabiri: hawa watadumu, wale hawamalizi mwaka. Angekuwapo mtu huyo mjini Alençon, Ufaransa, tarehe 13 Julai 1858, ndoa ya Zélie Guérin angeipa miezi michache tu.

Bibi arusi alikuwa na miaka 26, mfumaji wa lesi mwenye biashara yake mwenyewe. Alikuwa ametaka utawa, akakataliwa. Bwana arusi, Louis Martin, fundi wa saa wa miaka 34, naye alirudishwa na wamonaki kwa kuwa hakujua Kilatini. Walikuwa wamejuana miezi mitatu. Siku ile ile ya arusi Zélie alikwenda kumwona dada yake, mtawa kule Le Mans, akalia kuliko alivyowahi kulia maishani. Kisha wakaishi kama kaka na dada kwa miezi kumi, mpaka padre muungamishi alipowashauri vingine.

Tabia nazo zilipishana. Louis alipenda kimya na kuvua samaki kwa ndoana. Zélie alikuwa mchapakazi mwenye wasiwasi mwingi.

Walijaliwa watoto 9. Kati ya 1867 na 1870 wakazika wanne. Sote tunajua nyumba ambazo msiba mmoja tu wa namna hiyo umezivunja, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Mwaka huo wa 1870 Louis alimwachia mpwa wake duka la saa, akaingia katika biashara ya mkewe, akishughulikia wateja na safari. (Akina baba, ni wangapi kati yetu wangekubali?) Mwaka 1873 Zélie, akiwa ziarani kwa kaka yake huko Lisieux, alimwandikia mumewe kwamba hafurahii chochote bila yeye. Walikuwa na miaka 15 ya ndoa.

Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 28 Agosti 1877. Kitinda mimba wao ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza wazazi hao watakatifu kwa pamoja.

Miezi michache kabla ya kufa, Zélie alimsimulia binti yake Pauline katika barua yale machozi ya siku ya arusi. Akamwonya asidhani kwamba alimhuzunisha baba yake: baba alimwelewa, akamfariji kadiri alivyoweza.