Ernst Ruska

Ernst August Friedrich Ruska (25 Desemba 1906 – 27 Mei 1988) alikuwa mwanafizikia na mhandisi kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuunda hadubini ya elektroni alipokuwa bado mwanafunzi.

Alizaliwa mjini Heidelberg akasoma uhandisi wa umeme huko München na Berlin. Hadubini ya nuru haiwezi kutenganisha vitu vidogo kuliko takriban sehemu moja ya 5,000 ya milimita. Ruska na Max Knoll walitumia sumaku za umeme kama lenzi za kukusanya elektroni. Picha yao ya mwaka 1931 ilikuzwa mara 17 hivi tu, chini ya hadubini ya shuleni. Kwa kuwa ajira zilikuwa haba, Ruska aliendelea na masomo ya uzamivu bila mshahara. Mwaka 1933 chombo chake kipya kilikuza mara 12,000, ingawa sampuli ziliungua kwa joto la elektroni. Mdogo wake Helmut, aliyekuwa daktari, alisaidia kuonyesha faida yake katika tiba, na kampuni ya Siemens ilianza kuiuza mwaka 1939.

Mwaka 1967 watafiti wa Stuttgart walitumia hadubini hiyo kuonyesha jinsi nyuzi za sumaku zinavyojipanga katika supakonda, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani.

Mwaka 1986, pamoja na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Nusu ya tuzo ilikuwa yake. Knoll alikuwa amefariki tangu 1969, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.