Mwalimu Nyerere na Safari za Miguu

Jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere unalijua. Picha yake unaiona kwenye noti ya shilingi elfu moja. Alikuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Leo hatusomi habari za siasa yake. Tunasoma habari za miguu yake.

Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 kijijini Butiama, katika mkoa wetu huu wa Mara. Wazanaki, watu wa kabila lake, ni majirani wa Wakurya na Wangoreme. Baba yake alikuwa chifu. Hata hivyo Kambarage alichunga mifugo kama watoto wengine. Wewe uliyekulia Tarime au Serengeti unaijua kazi hiyo. Mchungaji hakai. Hupanda kilima, hushuka mtoni, hukimbiza ndama aliyeingia shamba la mtu.

Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kutoka Butiama hadi Musoma ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Kijana huyo alikwenda kwa miguu. Baadaye alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, kisha Edinburgh huko Uingereza. Hayo tuyapite haraka.

Tuje mwaka 1967. Mwezi wa Februari chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha. Watu wengi, hasa vijana, walifanya matembezi marefu ya kuliunga mkono. Mwezi wa Oktoba mkutano mkuu wa TANU ulikuwa ufanyike Mwanza. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa Rais. Gari alikuwa nalo na dereva alikuwa naye. Lakini aliondoka Butiama kwa miguu, akafika Mwanza kwa miguu. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 200. Alitumia kama wiki moja njiani.

Wewe uliyejifunza hesabu, gawanya mwenyewe. Utaona kwamba alikwenda karibu kilomita 30 kila siku. Leo akapumzika, kesho akaamka akaendelea. Mtu aliyezoea kukaa kitini hawezi kufanya hivyo. Siku ya pili miguu yake ingevimba.

Kweli, Mwalimu hakwenda Mwanza ili afanye mazoezi. Alikwenda kwa kazi ya chama. Lakini mwili haujui siasa. Mwili unajua kwamba umetembezwa.

Je, unapotembea kwa haraka, ndani ya mwili kuna nini? Moyo hupiga kwa nguvu. Mapafu huvuta hewa nyingi. Damu hukimbia mpaka vidoleni. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe. Hizo ndizo askari wa mwili, nazo hupigana na vijidudu vya maradhi. Damu ikienda mbio, askari hao huzunguka mwili mzima na kufanya doria. Ndiyo sababu mtu anayejizoeza kila siku huwa na kinga nzuri. Tena misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na moyo uliozoea kazi hauchoki upesi. Kwa hiyo hatari ya kisukari na ya shinikizo la damu hupungua.

Zamani magonjwa hayo hayakusikika sana vijijini kwetu. Siku hizi yapo. Na siku hizi bodaboda zipo kila njia panda. Mtu hupanda bodaboda kwenda dukani, mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu huku akiimba.

Wataalamu wa afya duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Si lazima ukimbie. Tembea haraka mpaka upate jasho kidogo, lakini bado uweze kuongea. Kulima ni mazoezi. Kucheza ngoma ni mazoezi. Kama hujazoea, anza na dakika kumi, uongeze polepole. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone mganga wa zahanati kwanza. Na wewe unayekaa karibu na hifadhi ya Serengeti, usitembee peke yako gizani. Tembo hawajali mazoezi yako.

Akina mama wengi wanaosoma ukurasa huu hawana haja ya kuambiwa watembee. Wanachota maji, wanabeba kuni, wanalima. Hao wanahitaji kupumzika na kula vizuri, kwa maana mwili uliochoka sana pia hupoteza kinga. Anayehitaji kuambiwa ni yule bwana anayekaa senta tangu asubuhi akicheza bao. Mwalimu naye alipenda sana bao. Lakini alipenda jembe pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifyatua matofali pamoja na wanakijiji huko Chamwino, Dodoma. Mwaka 1973, wakati wa serikali yake, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo kama hiki. Kisha walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mazoezi peke yake hayazuii kipindupindu. Choo, maji safi, chandarua na chanjo lazima viwepo.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Baadaye aliugua saratani ya damu. Huo ni ugonjwa unaoanzia katika zile chembe nyeupe, yaani askari wenyewe wanaharibika. Kutembea hakuwezi kuuzuia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa nyumbani Butiama, katika ardhi ile ile aliyochungia mifugo.